Sukari Niliyomnyima Mama

Sindano nilimchoma mimi. Naanza hapo kwa sababu watu wakisikia habari hii hukimbilia kuuliza kama mama alijichoma vibaya, macho yake yalivyo hafifu. Hapana. Dawa niliivuta mimi, nikaitazama kwenye mwanga wa dirisha kama ina mapovu, nikamchoma tumboni kama tulivyofundishwa kliniki, kisha nikamwambia uji uko mezani. Dozi ilikuwa sahihi kabisa. Makosa yalikuja baada ya hapo, na yote yalikuwa yangu.

Mama alihamia kwetu Area D kutoka Chemba baada ya vidonge kushindwa kumsaidia. Daktari alitaka achomwe insulini asubuhi na jioni, na kule kijijini hapakuwa na mtu wa kumchoma wala jokofu la kuhifadhia dawa. Mimi ndiye binti mwenye nyumba Dodoma. Mimi na mume wangu wote ni watumishi wa serikali, ofisi zetu ziko Mtumba, umeme tunao, hospitali iko karibu. Niliwaambia ndugu zangu kwa simu, tena kwa sauti ya majivuno, kwamba mama sasa amefika pazuri na wasiwe na wasiwasi tena. Wakanishukuru. Nikapokea hizo shukrani zote.

Kitu ambacho sikukifikiria ni mkwe. Kwetu, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawazoeani. Si chuki, msielewe vibaya, ni heshima ya hali ya juu kabisa. Hawakai pamoja, hawatazamani usoni, na zaidi ya yote mama mkwe hafungui mdomo akatafuna chakula mbele ya mume wa binti yake. Afadhali alale na njaa. Mume wangu ni mtu wa Tanga, kwao heshima ipo lakini haijafika huko, ila alijifunza haraka kuliko nilivyotegemea. Akirudi kazini husimama sebuleni, hukohoa kidogo, kisha huuambia mlango wa chumba cha mama shikamoo. Marahaba inatoka ndani, na habari za kutwa zinafuata, mlango ukiwa katikati yao. Walipatana sana kwa namna hiyo. Kuna siku nilimsikia mama akicheka mle ndani mpaka akakohoa, na mume wangu huku nje ameegemea ukuta anatabasamu.

Tabu ilikuwa kwenye kula. Chumba cha mama kinafungukia sebuleni, meza ya chakula iko sebuleni, na kwenda uani lazima upite sebuleni kisha jikoni. Aliyechora ramani ya nyumba ile hakuwa na mama mkwe. Siku za kazi mambo yalikwenda, kwa sababu mume wangu huondoka mapema kuwahi gari la ofisi, mama anatoka, namchoma, anakula kwa raha zake, ndipo na mimi naondoka. Jioni na siku za mapumziko nilikuwa nampelekea chakula chumbani kwenye sinia. Mwanzoni nilipeleka kwa moyo mweupe. Baadaye nikaanza kuchoka.

Halafu zikaja zabibu. Ulikuwa msimu wa mavuno, na shangazi mmoja anayefanya vibarua vya kuchuma zabibu Makutupora akaja kumsalimia mama na mfuko uliojaa. Mimi niliona chache mezani, nikafikiri ndizo hizo tu. Siku zilizofuata mama akawa anakunywa maji bila kutosheka, chooni haishi kwenda, mchana kutwa anasinzia, na mimi nikasema ni uzee na vumbi la Dodoma linakausha koo. Nilipompima, mashine haikuandika hata tarakimu, iliandika herufi tu, maana yake sukari imevuka mahali inapoweza kuhesabu. Tukakimbilia hospitali akatundikiwa maji. Nilipotandua kitanda chake nikakuta vikonyo vya zabibu chini ya godoro, vimekauka. Nililia kwa hasira, na hasira ile sikuiacha hospitali, nilirudi nayo nyumbani.

Tangu siku hiyo nikawa askari. Sukari yote ya nyumba niliifungia kwenye kabati langu la nguo na ufunguo nikautia kwenye mkoba. Chai tukanywa kavu, mume wangu akanywa huku anakunja uso kama mtoto anayenyweshwa mwarobaini. Mgeni akija na biskuti nazipokelea mlangoni. Mama alitazama yote hayo.

Kabla hatujaruhusiwa kutoka hospitali, nesi alituketisha mimi na mama akatueleza vizuri, wala hakuwa na haraka. Alisema sukari inapanda na sukari inashuka, na kila moja ina dalili zake. Kupanda tulikuwa tumekuona wenyewe. Kushuka, akasema, kunakuja ghafla, hasa mtu akichomwa insulini halafu akachelewa kula: jasho jembamba hata kukiwa na baridi, mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, njaa kali, maneno yanavurugika, na wengine wanakuwa wakali bila sababu, wanatukana hata watu wanaowapenda. Ukiona hivyo mpe kitu cha sukari hapo hapo akiwa bado anaweza kumeza, soda au maji ya sukari, kisha chakula. Na kama hujui ni kupanda au ni kushuka na huna jinsi ya kupima, mpe sukari hivyo hivyo, kwa sababu iliyopanda itakupa muda wa kufika hospitali, iliyoshuka haikupi. Niliitikia kwa kichwa. Jioni ile nikamsimulia mume wangu jikoni, neno kwa neno, tena nikiigiza sauti ya nesi, tukacheka. Kwa hiyo siwezi kusema sikuambiwa. Niliambiwa nikalielewa la kupanda, maana ndilo lililonitia aibu. La kushuka nililiona ni la watu wengine.

Sasa ile Jumamosi. Siku chache kabla yake mwenzangu wa ofisini alipita nyumbani, akaniona nimebeba sinia la chakula naingia nalo chumbani, akauliza kwa huruma kama mama amefikia hatua ya kutoweza kutoka kitandani. Nilisikia vibaya jamani. Mama yangu anatembea vizuri, anafagia uwanja, anaimba, halafu mtu anamhesabu mgonjwa wa kitandani kwa sababu ya sinia langu. Nikaona basi, mambo ya sinia yamekwisha. Hapa ni mjini, nyumba ni yangu, meza nimenunua ya watu sita, mama atakaa mezani ale kama mama za wenzangu.

Asubuhi hiyo, baada ya kumchoma, nilimwambia uji uko mezani na sitauleta. Alinitazama. Akauliza kama mkwe wake ameshatoka. Nikamwambia hajatoka na hatoki, leo ni Jumamosi. Akarudi kukaa kitandani na mikono yake ikiwa mapajani. Mume wangu alipotaka kuchukua ndoo akaoshe gari, ili mama apate nafasi, nilimzuia. Nilimwambia akae kwenye meza yake anywe chai yake, na alipolalamika kwamba tunamtesa mama wa watu nikamjibu kwa sauti ya chini, lakini kwa ukali: "Wewe kaa. Njaa itamtoa."

Nilisema hivyo. Dawa ya kushusha sukari imeshaingia mwilini mwake kwa mkono wangu mwenyewe, na mimi nakaa kungoja njaa inifanyie kazi.

Simu ikaita. Bunge lilikuwa linaendelea, na bosi alitaka majibu ya swali fulani yakamilike kabla ya mchana. Nikafungua kompyuta pale pale mezani, bakuli la uji likiwa mbele yangu limefunikwa kwa sahani. Mume wangu alikaa kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Mama akaita kutoka chumbani, akaniomba chai. Nikamjibu bila kuinua macho kwamba kila kitu kiko mezani. Baadaye akaita tena, safari hii sauti imekuwa nzito na maneno anayakokota, na mimi nikasema moyoni, haya, ameanza kununa. Nikaendelea kuandika. Nilikuwa naandika aya nzuri kuhusu huduma kwa wananchi, Mungu anisamehe.

Mlango wa chumbani ulipofunguka nilifurahi. Hilo nalo nalisema. Nilifikiri nimeshinda.

Mama alitoka kichwa wazi, kanga imening'inia begani upande mmoja. Maishani mwangu sikuwahi kumwona hivyo mbele ya mwanamume yeyote, sembuse mkwe wake. Mume wangu akainamisha macho sakafuni haraka. Ilikuwa asubuhi ya baridi, ule upepo wetu unaopenya hata chini ya mlango, mimi mwenyewe nimejifunga sweta, lakini uso wa mama ulikuwa unametameta kwa jasho na gauni limemganda mgongoni. Akafika mezani, akanyoosha mkono kwenye bakuli, mkono ukapita pembeni, bakuli likaanguka, uji ukamwagika mpaka kwenye kompyuta.

"Nipe sukari," akasema.

Mimi nilichoona ni uji kwenye kompyuta ya ofisi. Nikasimama nikaanza kufoka. Nilimuuliza kama zabibu hazikumtosha, kama anataka arudi kutundikiwa maji, kama amekuja Dodoma kunivunjia heshima. Akanijibu kwa lugha yetu, ile ya vidoko vya ulimi, lakini maneno hayakuwa na mpangilio, alikuwa ananitukana na kuniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Nikazidi kukasirika. Kisha akarudi kwenye Kiswahili, taratibu, kama anayetafuta kila neno lilipo: "Mwanangu, nakuomba. Sukari kidogo." Nikamwambia hapana. Nikamwambia hapana mama, katika nyumba hii hapana.

Mume wangu aliinua kichwa. Akasema mama anatetemeka. Nikasema anatetemeka kwa hasira zake. Akasema, "Jasho lote hili? Si ni wewe uliyenieleza?" Akataka ufunguo wa kabati. Na hata hapo, jamani, hata baada ya kukumbushwa kwa maneno yangu mwenyewe, nilimwambia asimpe kitu chochote mpaka nimpime, nikaenda zangu chumbani kutafuta mashine. Nilikuwa nataka kuwa sahihi. Nilitaka tarakimu ije iniunge mkono.

Hakunisubiri. Nilimsikia akikimbia nje, nikasikia mlango wa gari. Kumbe bwana yule alikuwa anaficha soda ndani ya gari, anakunywa huko kwa siri asinikwaze. Niliporudi sebuleni na mashine mkononi, magoti ya mama yalikuwa yameshaishiwa nguvu, na mume wangu amemdaka. Alikuwa amekaa kwenye vigae, mama mkwe wake ameegemea kifuani kwake, kichwa wazi, na yeye amemshika kidevu kwa mkono mmoja anamnywesha kidogo kidogo. Kila akimpa anangoja ameze kwanza. "Meza, mama. Vizuri. Tena kidogo." Mtu ambaye kwa heshima hakuwahi hata kuona uso wake akitafuna, sasa anampangusa soda iliyomtoka mdomoni kwa kiganja chake.

Nikapiga magoti nikamtoboa kidole. Mashine iliandika mbili na nukta kidogo. Sikuwahi kuona ndogo kama hiyo. Nikakimbia kuchukua ufunguo, nikaumwaga mkoba wote kitandani, na nilipoupata mikono yangu ikakataa kuuingiza kwenye kitasa. Nilikuwa nalia na kulipiga teke kabati nililolifunga mwenyewe.

Fahamu za mama zilirudi pole pole. Kwanza macho yakatulia, yakaanza kutufuata. Kisha akaniita kwa jina langu. Kisha akatambua amelalia kifua cha nani. Sitasahau alichofanya: alivuta kanga akajifunika kichwa na uso, akajiburuta kwa makalio mpaka ukutani, akageukia ukuta. Nguvu hana, lakini hizo za kumkimbia mkwe alizipata. Mume wangu akainuka bila kuambiwa, akatoka nje, akafungua boneti ya gari na kukaa hapo akitazama injini isiyo na tatizo lolote. Mimi nikamlisha mama mkate na yai pale pale sakafuni, nikampima tena, tarakimu zikawa zinapanda. Hakunitazama.

Hospitali tulikwenda siku hiyo hiyo. Daktari aliuliza ilikuwaje mtu mzima achomwe insulini akae muda wote ule bila kula. Nilifungua mdomo. Mama akaniwahi: akasema binti yake alimwandalia kila kitu, yeye ndiye aliyechelewa kwa uvivu wake. Daktari akamgombeza mama. Alimgombeza kweli, kwa adabu lakini alimgombeza, kwamba chakula kiwe mbele yake kabla sindano haijaingia, na asiwasumbue watoto wake wanaomhangaikia. Mama akaitikia ndiyo daktari, nimesikia daktari. Nilikaa pale kwenye benchi nikaacha mama yangu asemwe kwa niaba yangu. Naweza kusema nilipatwa na kigugumizi, lakini ukweli ni kwamba nilipata nafuu.

Jioni nikapeleka sinia. Nilikuwa nimejipanga, nimeandaa na maneno ya kuomba radhi. Nikapiga magoti kama ninavyompigia tukiwa kijijini, nikasema mama nisamehe, sikujua kama ni sukari imeshuka, nilifikiri una hasira. Alikula kwanza, taratibu, mpaka akamaliza. Akanawa. Akaniambia amenisamehe, mtoto hakosi kukosea. Halafu, wakati nainua sinia, akaongeza kwa sauti ya kawaida tu, wala si ya kulaumu:

"Mkwe wangu sikumwomba, akanipa. Wewe nilikuomba."

Nikatoka na vyombo.

Mume wangu hajawahi kunisema kwa siku ile. Aliweka pazia zito la kukata sebule ili mama apite kwenda uani bila kuonekana, na Jumamosi na Jumapili anakunywa chai nje. Sukari sasa iko wazi. Kuna pipi kwenye kila chumba, na mama mwenyewe anatembea na glukosi ya unga kwenye fundo la kanga. Simchomi kabla chakula hakijawa mbele yake na kijiko mkononi. Nampima kabla ya kulala hata kama amechoka kutobolewa. Nimekuwa hodari sana wa dalili: akijikuna tu nauliza kama anatokwa jasho, akikaa kimya nauliza kama anasikia kizunguzungu. Ananijibu kwa upole kwamba hajambo. Nampelekea sinia kwa mikono miwili, na ananishukuru kila mara, kama mtu anavyomshukuru mwenye nyumba.

Jumapili moja hivi karibuni nilikuwa jikoni nachambua mchele. Nikamwona mama anatoka kwenye pazia, anashika ukuta, mkono mmoja unahangaika na fundo la glukosi bila kulifungua. Uso ulikuwa umelowa. Mara moja nikajua, na safari hii nilijua kweli. Nikaacha ungo, nikaanza kuinuka, nikamwita. Alinitazama. Aliniona vizuri, macho yetu yalikutana kabisa. Kisha akaendelea kutembea, akapita jikoni, akatoka uani ambako mume wangu alikuwa anatengeneza bomba, na nikamsikia akifanya kitu ambacho hakuna mama mkwe wa kwetu anayekifanya: alimwita ana kwa ana.

"Mkwe," alisema. "Mwili unaniishia nguvu. Nisaidie."

Nikasikia spana ikianguka, nikamsikia akimkalisha, akimwambia asiogope. Mama hakuwa na njia nyingine ya kufika uani. Ili amfikie yeye, ilibidi anipite mimi.